Afande afundishwe kushika mtu

Kila video mpya ya polisi ikisambaa kwenye WhatsApp hapa Uganda, unaijua ile, afande ameshika mtu kwa kiuno cha suruali anamburuta mpaka kwenye kabangali, ile pikapu ya polisi, na mwenzake anafuata nyuma na rungu, mjadala unarudi pale pale. Kuna wanaosema hawa watu hawana adabu wafukuzwe, kuna wanaosema wezi wamezidi acha wapigwe, na siku hizi kuna kundi la tatu linasema polisi waongezewe mafunzo ya kupambana kwa mikono mitupu, judo, karate, mieleka, chochote. Mimi niko na hilo kundi la tatu, ila sababu zetu ziko mbali kabisa. Wengi wao wanataka afande awe mkali zaidi ili wahuni wamwogope. Mimi nataka afande mwenyewe aache kuogopa, kwa sababu nimekulia nyuma ya ukuta wa baraksi, nimewaona hawa watu bila yunifomu, na kwenye nyingi ya hizo video naona mtu mwenye hofu aliyepewa bunduki ya vita akaambiwa aende akakamate mlevi.

Hebu tuangalie ukamataji wa kawaida, huu wa kila jioni, wa wanasiasa nitaufikia. Mji mdogo wa mpakani, giza limeshaingia, kibaa cha waragi, kijana amekunywa amevunja chupa anamtishia mwenye baa. Wanakuja maafande wawili kwa miguu, konstebo wote wawili, mmoja ana AK, mwingine ana rungu. Wa rungu anamwambia twende stesheni, kijana anakataa, anakumbatia nguzo ya veranda. Afande anamvuta kiuno cha suruali, kifungo kinakatika, kijana haachi nguzo. Anampiga rungu la mkono, kijana analia lakini ndiyo kwanza anakaza. Sasa mwenye bunduki anaingia kusaidia, na kumshika mtu kunataka mikono miwili na wake mmoja uko kwenye silaha, akainama, mkanda wa bunduki ukateleza begani, AK ikaning'inia kwenye kiwiko inagonga goti la yule mlevi na mdomo wa bunduki unazunguka unaangalia watu, mama wa chapati, watoto, sisi wote tuliosimama. Mlevi kuona chuma mbele ya uso wake akakishika. Mlevi anashika chochote, naapa hakuwa na mpango wa kuiba bunduki, lakini kwa afande hiyo tayari ni kunyang'anywa silaha, akaivuta, akarudi nyuma hatua mbili, akakoki. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, ndiye aliyeokoa, aliita kwa sauti, afande ngoja, huyu ni mtoto wa hapa, akaongea na kijana kwa lugha yao, nguzo ikaachwa, wakaenda zao stesheni kwa miguu.

Hakuna aliyeandika habari hiyo popote kwa sababu hakuna aliyekufa. Lakini angalia ilivyopanda: maneno, suruali, rungu, bunduki iliyokokiwa, dakika chache tu, kwa mtu mmoja mlevi asiye na silaha. Na wale askari hawakuwa watu wabaya, mmoja wao alikuwa anatetemeka mikono baada ya hapo. Walikuwa na vifaa viwili tu vichwani mwao, mdomo na silaha, katikati hapakuwa na kitu. Mtu aliyefundishwa angeingia upande wa nyuma, angeweka mkono chini ya kwapa, angemtoa kijana kwenye nguzo kwa kumvunja mizani ya mwili wala si mfupa wa mkono, angemlaza chini polepole, mwenzake angefunga pingu, na bunduki ingekuwa imefungwa mgongoni muda wote. Haya si mambo ya sinema, ni kazi ya mikono kama kazi nyingine, inafundishika, na hata mtu mwenye mwili mdogo anaweza kuijua.

AK na risasi zake ni karibu kilo nne, na risasi yake ya milimita 7.62 inatoka kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, inapita mwili wa mtu, inapita ukuta wa udongo, inaendelea na safari. Ni silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya uwanja wa vita. Kuipeleka kwenye veranda ya baa, kwenye soko, kwenye stendi ya bodaboda ambako watu wamebanana, ndiyo kusema kila mvutano wa mikono unaweza kugeuka kuwa msiba wa mtu aliyekuwa anapita na kaveera yake ya nyanya. Wapo wanaosema basi tuwanyang'anye bunduki wawe kama Uingereza ambako askari wengi wa kawaida hawabebi. Natamani. Lakini baada ya watu wenye silaha kuvamia kituo cha Busiika kule Luweero mwaka 2022 na kuua askari, sioni mkubwa wa polisi atakayesaini karatasi ya kuwanyima bunduki, na siwezi kumlaumu. Basi kama bunduki inabaki, mikono lazima ifundishwe ili bunduki ibaki mgongoni.

Na sheria yetu inataka hivyo tangu zamani. Sheria ya Polisi haimruhusu afande kumfyatulia risasi mtu anayekimbia au anayekataa kukamatwa hivi hivi tu, inamtaka awe na sababu ya msingi ya kuamini kwamba hakuna njia nyingine ya kumzuia, na kwanza atoe onyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, nazo zinasema vile vile, njia zisizo za nguvu kwanza, na serikali iwafundishe askari mbadala wa silaha. Sasa mimi nauliza, hiyo njia nyingine ambayo sheria inamdai konstebo aijaribu kwanza, nani alimfundisha? Lini? Mtu huwezi kumshtaki kwa kutopita barabara ambayo hukuwahi kumwonyesha. Tunamlaumu afande mmoja mmoja, na wengi wanastahili, lakini lawama ya kwanza ni ya aliyemtuma kazini na mikono mitupu kwa maana mbaya kabisa.

Mtu ataniambia mbona kule Kabalye makuruta wanafundishwa. Ndiyo, wanafundishwa. Kabalye, kule Masindi, anayepita pale anatoka amejua kwata, shabaha, sheria kidogo, na mwili umekaza. Siku ya paredi mnaona maonyesho, vijana wanaruka mateke, wanavunja matofali, wageni wa heshima wanapiga makofi. Sina ugomvi na maonyesho, yanajenga moyo. Shida ni kwamba teke la kuruka halina kazi yoyote kwenye ukamataji. Hakuna siku konstebo wa general duty, yule wa kazi za kila siku, atavunja tofali barabarani. Atakachokutana nacho ni mtu anayejivuta, anayekumbatia nguzo, anayelala chini akawa mzito kama gunia, mama anayemng'ang'ania mwanawe, kichaa aliyeshika panga, mlevi. Ngumi na teke ndivyo vitu vya mwisho unavyotaka afande azoee, kwa sababu mwili wa binadamu ukiogopa unarudia kile ulichokizoea, umzoeshe kupiga atapiga, umzoeshe kushika atashika.

Halafu kuna hili la kusahau. Unafunzwa mara moja depo ukiwa na miaka ishirini na kitu, unapelekwa posti ya mbali, unakaa huko miaka, unanenepa au unakonda kwa shida, na hakuna mtu anayekuuliza tena kama unaweza kumlaza mtu chini bila kumuumiza. Waulize mabondia wa Naguru au Katwe kama mtu anaweza kuacha jimu miaka mitano halafu apande ulingoni. Mikono inasahau haraka kuliko kichwa. Ndiyo maana kozi ya wiki mbili yenye cheti na picha ya pamoja mimi siihesabu kabisa. Ninachodai ni saa moja au mbili kila wiki pale pale stesheni, kwa watu walioko zamu za kawaida, miaka yote ya kazi.

Wajapani wanafanya hivyo kwa muda mrefu sana. Askari wa Japani anajifunza judo au kendo akiwa chuoni na anaendelea nayo kazini, vituo vyao vina ukumbi wa mazoezi, na wana mbinu zao maalum za kukamata zinazoitwa taiho-jutsu. Nchi ile silaha mikononi mwa raia ni chache mno kwa hiyo siwezi kuichukua nzima nikaileta Kampala, lakini utaratibu ule wa mazoezi ya kila mara unaigika. Mfano mwingine unaosemwa sana ni wa Marietta, mji wa jimbo la Georgia kule Marekani, ambako tangu 2019 askari wapya wanalazimika kuhudhuria jiu-jitsu ya Kibrazili angalau mara moja kwa wiki kabla hawajaanza kazi rasmi. Idara yao ilitoa hesabu kwamba majeraha ya askari wakati wa kutumia nguvu yalishuka kwa asilimia 48, na matumizi ya teza, ile bunduki ya umeme, yalishuka kwa asilimia 23, na majeraha ya watuhumiwa nayo yalipungua. Ni idara ndogo na hesabu ni za wao wenyewe, kwa hiyo msiichukue kama Biblia, lakini mwelekeo wake unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kucheza mieleka: mtu anayejua kwamba anaweza kukushika hana haraka ya kukuumiza.

Lakini Marekani hiyo hiyo inatufundisha upande wa pili, na hapa tusidanganyane, kushika nako kunaua. Eric Garner alikufa New York mwaka 2014 baada ya kukabwa shingo, na George Floyd mwaka 2020 kule Minneapolis aliwekewa goti shingoni zaidi ya dakika 9 akiwa amefungwa pingu, mbele ya watu wanaomlilia askari aondoke. Kwa hiyo mtu akija na programu ya kuwafundisha polisi wetu kukaba koo, mimi nitakuwa wa kwanza kuipinga. Shingo isiguswe. Na mtu akishalazwa kifudifudi na kufungwa, uzito utoke mgongoni mara moja, ageuzwe ubavu, au akalishwe, aangaliwe kama anapumua. Sasa fikiria kabangali zetu. Mtuhumiwa anatupwa chini katikati ya mabenchi, kifudifudi, wengine wanatupwa juu yake, maafande wanakaa pembeni na mabuti juu ya migongo, na gari linaondoka kwa kasi kwenye barabara ya mashimo. Kila afande anayekanyaga mgongo wa mtu pale anaamini anamzuia asiruke. Hajaambiwa kwamba mtu mnene, mtu mlevi, mtu aliyetoka kukimbia, anaweza kukata pumzi pale chini huku wao wanapiga stori juu. Somo la kwanza la haya mafunzo ningependa liwe hilo, kabla ya mtego wowote wa judo.

Sasa nije kwenye hoja nzito kuliko zote, ile ya watu wanaosema mkiwafundisha hawa kupambana mnawapa tu ufundi mpya wa kututesa. Ninawaelewa kabisa. Nchi hii ina kumbukumbu. Wazee bado wanasimulia panda gari ya miaka ya 80, watu wanazungukwa mtaani, wanapakiwa kwenye malori, wengine hawakurudi. Kandoya, ile ya kufunga mikono kwa nyuma mpaka viwiko vinagusana, kila Mganda mzima anaijua. Wengi wa watu wa Kampala Kiswahili cha kwanza kukisikia maishani kilikuwa amri ya mtu mwenye bunduki, kaa chini, lala chini, na ndiyo sababu mpaka leo kuna watu wakisikia lugha hii wanashtuka, kitu ambacho kinaniuma sana mimi ninayeipenda. Na Novemba 2020, baada ya Kyagulanyi, yaani Bobi Wine aliyekuwa anagombea urais, kukamatwa kule Luuka, serikali yenyewe ilikubali kwamba watu 54 walikufa.

Kwa hiyo nasema waziwazi, mafunzo ya mikono hayawezi kuzuia mambo ya namna hiyo. Kuna ukatili wa aina mbili na tukivichanganya hatutatibu hata kimoja. Wa kwanza ni ule wa veranda, afande ameogopa, hajui afanye nini, anapiga kwa sababu ya papara. Wa pili ni ule wa mtu aliyeshafungwa, amekaa chini, hana ubishi wowote, na bado anapigwa, au risasi zinapigwa kwenye kundi la watu kwa sababu mkubwa ametaka barabara iwe tupu. Huo wa pili hautokani na kukosa ufundi. Kandoya haihitaji shule. Mtu anayempiga aliyefungwa hajashindwa kumshika, ameshamshika. Dawa ya huyo iko kwenye sheria, na tunayo: Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2012 inatoa mpaka miaka 15 jela, inasema wazi kwamba kusingizia amri ya mkubwa si utetezi, na ile ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inambana afisa yeye binafsi. Kilichobaki ni watu kufikishwa mahakamani kweli kweli, wakiwemo waliotoa amri.

Ila kuna faida moja ya mafunzo hata kwenye huo ukatili wa pili, na watu huwa hawaiongelei. Leo afande akimvunja mtu mkono anajitetea kwamba jamaa alikuwa anapigana, sikuwa na namna. Akishakuwa amefundishwa, ametiwa saini kwamba amefuzu, anajua namna saba za kumshika mtu bila kumvunja, huo utetezi umekufa. Wakili anasimama anamuuliza, afande, ulifundishwa hili? Ndiyo. Mbona hukulitumia? Mafunzo yanampa mzigo wa wajibu ambao leo hana. Na hao wanaoogopa kwamba afande mwenye ujuzi ni hatari zaidi, wakumbuke crime preventers wa kabla ya uchaguzi wa 2016, wale vijana waliofundishwa kwa haraka haraka wakapewa fimbo, na LDU, wale mgambo wa mwaka 2020 waliokuwa wanachapa watu wakati wa korona. Hao hawakuwa na ujuzi mwingi. Walikuwa na fimbo, na mamlaka, na mafunzo mafupi.

Pia kuna yule mwizi wa kuku anayezungukwa na kijiji. Ripoti za polisi kila mwaka zinaonyesha mamia ya watu wanauawa kwa kupigwa na kundi la watu, na anayetumwa kumtoa mtu pale ni konstebo wawili au watatu. Wanachojua ni kupiga risasi juu. Kumfunika mtu kwa mwili wako na kumtoa katikati ya watu wenye mawe bila kumwaga damu ya yeyote ni ufundi, na hakuna anayeufundisha kwa uzito unaostahili.

Pesa je? Wakubwa watasema hakuna bajeti, na kweli askari wengi wanalala kwenye unipot, vile vibanda vya mabati vinavyochemka mchana na kuganda usiku, familia mbili zimegawana kimoja kwa pazia, kwa hiyo mtu akisikia habari ya mikeka ya judo anaona ni anasa. Lakini turubai juu ya maranda ya mbao linatosha, vilabu vingi vya mtaani vimeanzia hapo. Walimu wapo, tuna makocha wa judo na karate, tuna wazee wanaojua ekigwo, mieleka ya Buganda ambayo yote ni kumwangusha mtu bila kumpiga hata ngumi moja. Na msiniambie polisi wa Uganda hawajui kulea mwili wa mwanamichezo. John Akii-Bua alikuwa askari polisi, akaenda Munich 1972 akakimbia mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Cheptegei aliyechukua dhahabu ya mita 10,000 Paris 2024 ni polisi pia. Taasisi inayoweza kuwatunza watu kama hao inaweza kumpa konstebo wa Elegu au Mutukula saa moja ya mazoezi kwa wiki. Kigumu hasa ni hiyo saa, maana mtu anayetoka zamu ya usiku halafu anapelekwa ulinzi wa mechi hana nguvu ya kujifunza kitu, ukimlaza kwenye turubai atalala usingizi. Kwa hiyo saa ya mazoezi iandikwe kwenye zamu kama kazi, isiwe ya kuiba kwenye mapumziko yake.

Wanawake wa polisi wawekwe mbele kabisa. Nimewaona wanavyopangiwa, dawati la familia, upekuzi, kituo cha kura, na ikitokea vurugu wanaambiwa simama nyuma. Judo ilibuniwa mwaka 1882 na Jigoro Kano, mtu mdogo wa mwili aliyechoka kuonewa na wakubwa, yaani msingi wake ni mwepesi kumwangusha mzito. Afisa wa kike mwenye kilo 55 anayejua kazi hii atamtuliza mlevi wa kilo 90 kwa utulivu kuliko wanaume watatu wanaosukumana na bunduki, na ninaamini mara nyingi mlevi mwenyewe atatulia mapema kwa sababu hakuna dume la kushindana naye.

IGP Byakagaba, mkuu wa polisi wa nchi, tangu ameingia 2024, ana nafasi ya kuanza kidogo bila kungoja bunge. Achague mkoa mmoja, aanze na general duty na trafiki, hao ndio wanaovutana na raia na madereva wa boda kila siku, aachane kwanza na vikosi maalum ambavyo tayari vinapewa kila kitu. Kila mara afande anapomgusa mtu kwa nguvu iandikwe kwenye station diary kama inavyoandikwa kesi ya wizi, alishikwa vipi, nani aliumia, bunduki ilitoka mgongoni au haikutoka. Baada ya mwaka mmoja hesabu za mkoa huo ziwekwe mezani pamoja na za mkoa ambao haujafundishwa, na zichapishwe gazetini, hata kama ni mbaya. Na OC, mkuu wa stesheni, awe kwenye turubai pamoja na watu wake, avue kofia, ashikwe, alazwe chini na konstebo wake, ajue kifua kinavyobana mtu akikukalia mgongoni.